Siku 22 kwenye John Muir Trail: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Tangu turudi kutoka milima ya Sierra Nevada, simu yangu haipoi. Wanauliza ndugu zangu wa Lushoto, wanauliza Waswahili wenzangu wa Sacramento tunaokutana harusini na misibani, na siku hizi wanauliza hata watu nisiowafahamu. Nimeona niyaweke majibu mahali pamoja. Ninachoandika hapa ni habari za kuamka, kupika, kutembea, kufua soksi na kulala, maana safari yenyewe ndiyo hiyo. Tulikuwa wawili: mimi, mzaliwa wa Usambara, na shoga yangu wa Mombasa. Tulitembea mwezi wa Agosti, tukielekea kusini.

Hiyo njia iko wapi na ina urefu gani?

Iko California, Marekani. Inaanzia Happy Isles kwenye bonde la Yosemite, mita kama 1,230 juu ya usawa wa bahari, inakwenda kusini kilomita 340 hivi, na inaishia kileleni mwa Mount Whitney, mita 4,421, mlima mrefu kuliko yote Marekani ukiondoa ya Alaska. Ukifika kileleni bado hujafika kwenye gari: kuna kilomita 17 nyingine za kuteremka mpaka Whitney Portal. Njia inapita hifadhi tatu za taifa, Yosemite, Kings Canyon na Sequoia, na misitu iliyo kati yake. Ukishapita Red's Meadow, kilomita kama 100 kutoka mwanzo, hukatizi tena barabara ya gari hata moja mpaka mwisho.

Theodore Solomons alikuwa kijana wa miaka 14 akichunga ng'ombe, mwaka 1884, alipoitazama safu hii ya milima na kuwaza njia itakayoipita kwa urefu wake. Ujenzi ulianza 1915, mwaka uliofuata kifo cha John Muir, mtetezi wa milima hii ambaye njia imepewa jina lake, na kipande cha mwisho kikakamilika 1938. Lakini nyayo za kwanza si zao. Wapaiute, wenyeji wa asili wa huku, walivuka milima hii miaka mingi kabla, wakibadilishana chumvi, mbegu za misonobari na mawe meusi ya volkeno ya kutengenezea visu, na wao huiita Nüümü Poyo, yaani njia ya watu. Nilipolisikia jina hilo nilizikumbuka njia za kwetu, zile bibi zetu walizokuwa wakipita na mizigo kichwani kwenda magulioni. Hakuna aliyeziwekea kibao, lakini zipo.

Kuna wapagazi kama Kilimanjaro?

Hakuna. Wapo watu wenye nyumbu wanaoweza kukuletea chakula katika sehemu fulani, kwa gharama kubwa, lakini wengi wetu tunabeba wenyewe. Kilimanjaro unatembea na kibegi chenye maji na koti. Hema, vyombo na gesi viko kwa wagumu, yaani wapagazi, na ukifika kambini chai imeshachemka. Huku wewe ndiye mgeni, wewe ndiye mpishi, wewe ndiye mpagazi.

Nilipanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame kabla sijahamia huku, na nakiri kwamba sikuielewa kazi ya wale vijana mpaka nilipobeba kilo 18 huku kichwa kikinigonga kwa sababu ya mwinuko. Wao hubeba hadi 20, tena juu zaidi. Kwa urefu, milima ya huku ni midogo: kilele cha Whitney kiko chini kuliko kambi ya Barafu. Ugumu wake ni wa kurudiarudia. Unapanda mita mia saba, unashuka zote, kesho unaanza tena, na mzigo ni wako.

Mzigo una nini ndani?

Bila chakula wala maji, shanta langu lilikuwa na kilo 9. Hema tuligawana, yeye alibeba nguzo na turubai la juu, mimi hema lenyewe. Kila mtu alikuwa na mfuko wake wa kulalia wa manyoya ya bata, godoro la kupuliza, koti la mvua, koti la joto, kurunzi ya kichwani na nguo za kubadilisha jozi moja tu. Vya pamoja vilikuwa sufuria moja, jiko la gesi linaloenea kiganjani, kichujio cha maji, ramani ya karatasi, dawa, na sindano na uzi. Sindano na uzi viliokoa mkanda wa shanta siku ya tisa.

Chakula ni gramu 800 hivi kwa mtu kwa siku. Vituo vya kuchukua chakula ulichojitumia mapema ni vichache: Tuolumne Meadows, Red's Meadow, Vermilion Valley Resort ambako unavushwa ziwa kwa boti, na Muir Trail Ranch, karibu na katikati ya safari. Hapo Muir Trail Ranch chakula unakituma ndani ya ndoo ya plastiki, wiki kadhaa kabla, nacho hufikishwa na kuhifadhiwa mpaka uje. Baada ya hapo ni lazima ubebe cha siku 9 au 10, au utoke nje ya njia kwa kuvuka Kearsarge Pass na kurudi. Tulibeba. Asubuhi tulipoondoka Muir Trail Ranch ilinibidi nikae chini ndipo nilivae shanta, kisha mwenzangu anivute mkono niinuke.

Kuna kitu kimoja ambacho kila mtu aliniambia nikiache nyumbani, nami sikukiacha: kanga. Haifiki robo kilo. Ilikuwa taulo, pazia la kubadilishia nguo, kivuli cha kichwa na shingo, mto wa kulalia, na mwenzangu akaifanya mswala. Sijaona kitambaa cha dukani, hata kile cha bei kali, kinachofanya kazi zote hizo.

Siku moja inakwendaje?

Tuliamka saa kumi na moja alfajiri. Sehemu za juu hema huwa na utando wa barafu kwa ndani, pumzi yenu iliyoganda, na ukiligusa linakumwagikia shingoni. Kwa hiyo mtu wa kwanza kutoka hutoka taratibu. Mmoja anachemsha maji, mwingine anatoa hewa kwenye magodoro na kukunja. Chai, uji au shayiri iliyopondwa, kisha hema linakunjwa bichi hivyo hivyo; litaanikwa juu ya mwamba mchana. Saa kumi na mbili na robo tuko njiani.

Haraka ya asubuhi ina sababu. Njia hii inavuka milima kwenye penyo, zile sehemu zilizobonyea kati ya vilele viwili. Donohue Pass ni mita 3,370, Muir Pass 3,644, Mather Pass 3,688, Pinchot Pass 3,697, Glen Pass 3,651, na Forester Pass, iliyo juu kuliko zote, 4,009. Nusu ya kusini karibu kila siku ina upenyo wake. Wakati wa kiangazi mawingu hujikusanya mchana, na kufikia saa nane radi inaweza kuwa inapiga juu ya miamba mitupu ambako wewe ndiye kitu kirefu kuliko vyote. Tulijiwekea sharti la kuwa tumeshavuka kabla ya saa sita mchana. Siku moja, chini ya Pinchot, tulichelewa kwa sababu ya malengelenge, na mvua ya mawe ikatukuta bado tuko upande wa kupandia. Tuligeuka, tukashuka mpaka kwenye miti mifupi, tukachuchumaa juu ya magodoro yetu mbalimbali, mmoja hatua hamsini kutoka kwa mwenzake ili tusipigwe wote wawili. Ilidumu dakika arobaini. Tulivuka kesho yake.

Mchana unakula kidogokidogo kila baada ya saa moja na nusu. Tulienda kilomita 15 hadi 20 kwa siku, tukapumzika siku moja nzima bila kutembea. Saa tisa au kumi alasiri tunatafuta mahali pa kulala: pakavu, pasipo majani mabichi, mbali na maji. Hema kwanza, maji pili, miguu tatu. Miguu inaoshwa kwa maji yaliyochotwa na kupelekwa kando, si ndani ya kijito. Soksi za leo zinasuuzwa, za jana zinaning'inizwa nyuma ya shanta zikaukie safarini kesho. Chakula cha jioni, vyombo, kuangalia ramani ya kesho. Saa mbili usiku tumelala. Hakuna aliyetulazimisha, giza likishaingia baridi inakuja, na mwili haukuombi ruhusa.

Mnakula nini? Ugali unapikika huko juu?

Hili ndilo swali la kwanza la mama yangu, na pia ndilo la watu wengi.

Unapikika, tena vizuri. Kadiri unavyopanda, maji yanachemka kwa joto la chini zaidi: mita 3,300 yanachemka kwenye nyuzi 89 hivi badala ya 100. Unga wa mahindi unaiva kwa joto la chini ya hapo, kwa hiyo mwinuko hauudhuru. Tatizo ni sufuria. Vyombo vya safari ni vyembamba mno na moto wa gesi unapiga sehemu moja katikati, hivyo ugali unaungua kabla ya kuiva pembeni. Dawa yake ni moto mdogo, ugali laini kidogo, na kuzungusha sufuria. Mwiko niliukata mpini ukabaki wa shibiri. Ukoko tuliula, huko hakuna kumwaga chakula, na maji ya kusuuzia sufuria nayo tuliyanywa. Usikunje uso, yana ladha ya mboga.

Maharage ndiyo hayawezekani. Kwa joto hilo utamaliza mtungi wa gesi na yatabaki magumu. Niliyapika nyumbani kwa nazi na vitunguu, nikayasaga kiasi, nikayakausha kwenye mashine ya kukaushia matunda mpaka yakawa kama makombo. Njiani unayamiminia maji ya moto, unafunika dakika kumi na tano, na unapata maharage ya nazi kwenye mita 3,500. Wali nao hivyo hivyo: upike, ukaushe, ubebe. Chapati za nyumbani zilidumu siku tatu tu. Dagaa wa Kigoma tuliwakaanga kavu na pilipili. Kilo moja ni chakula kingi sana na uzito mdogo. Mchana ilikuwa tende, korosho, kashata na siagi ya karanga. Chai niliichanganya nyumbani: majani, maziwa ya unga, sukari, tangawizi ya unga, hiliki. Wamarekani tuliopiga nao kambi Evolution Valley walipoionja, mmoja alitaka kunibadilishia kwa chokoleti. Nilimpa bure.

Hata hivyo huwezi kula kiasi kinachochomwa. Nilipungua kilo nne. Kuanzia siku ya kumi njaa inakuwa ya namna nyingine, unaota chakula usingizini. Niliota mihogo ya kukaanga.

Na dubu?

Dubu wako. Ni dubu weusi, ingawa wengi wana rangi ya kahawia. Yule mkubwa aliyechorwa kwenye bendera ya California alimalizwa na wawindaji miaka ya 1920. Dubu mweusi anataka chakula chako, si wewe. Kwa hiyo karibu njia nzima sheria inakutaka ubebe debe maalumu la plastiki ngumu, lenye kifuniko ambacho dubu hawezi kukifungua. Linaongeza kilo moja, na usiku chakula chote kinaingia humo, pamoja na dawa ya meno, sabuni, mafuta ya midomo na takataka zote. Unaliacha chini, hatua arobaini au zaidi kutoka kwenye hema, mbali na ukingo wa mto asije akalivingirisha likachukuliwa na maji. Mchana ni kiti kizuri.

Tulimwona mmoja, Lyell Canyon, jioni. Alipita akinusa, tukapiga kelele na kugonga sufuria, akaenda zake. Dagaa zetu zilikuwa ndani ya debe. Harufu ya dagaa ndiyo iliyonipa wasiwasi tangu nyumbani, na debe likanitoa wasiwasi huo.

Mharibifu hasa ni mamoti, mnyama kama pimbi lakini mkubwa, anayependa chumvi ya jasho. Ametafuna mkanda wa fimbo yangu ya kutembelea nikiwa nimeketi hatua tano kutoka hapo.

Kuna mbu? Kuna malaria?

Mbu wako kwa mawingu, hasa mwishoni mwa Juni na Julai wakati theluji inapoyeyuka. Malaria hakuna. Bado beba chandarua cha kichwa na dawa ya kupaka. Agosti wamepungua.

Maji mnapata wapi?

Kila mahali: vijito, maziwa, mito. Mara chache tulibeba zaidi ya lita moja na nusu. Ila yasafishwe, hata yakionekana kama kioo, maana yana vijidudu vya giardia vinavyoharisha wiki nzima. Kichujio kikishaloa maji na kuganda usiku hupasuka ndani bila kuonekana, na kuanzia hapo kinapitisha uchafu. Kwa hiyo kila usiku kichujio kililala nami ndani ya mfuko.

Choo je? Na wanawake?

Unachimba shimo la sentimita 15 hadi 20, hatua themanini au zaidi kutoka kwenye maji, njia na kambi, kisha unafukia. Karatasi hazifukiwi: zinafungwa kwenye mfuko na kubebwa mpaka mwisho wa safari. Hapa desturi yetu ya kutawaza inakupunguzia mzigo. Chupa ndogo ya maji na sabuni kidogo, mbali na kijito, na huna karatasi za kubeba. Eneo la Mount Whitney ni mwamba mtupu na watu ni wengi, kwa hiyo huko hata kinyesi chenyewe kinabebwa kwenye mfuko maalumu. Ndiyo, chako, mgongoni kwako. Ukifikiria maji wanayokunywa watu wa chini, inaeleweka.

Kwa hedhi, mwenzangu alitumia kikombe, mimi pedi. Pedi zilizotumika zinafungwa kwenye mfuko usiopitisha harufu na kuingia kwenye debe. Nguvu zilipungua siku mbili, tukafupisha mwendo. Panga ratiba yenye nafasi ya siku kama hizo.

Mtu anaswali vipi?

Mwenzangu hakuacha swala hata moja, na mengi ya haya nimejifunza kwake. Msafiri anapunguza: swala za rakaa nne zinakuwa mbili, na anaweza kujumuisha adhuhuri na alasiri, magharibi na isha. Adhuhuri na alasiri aliziswali pamoja tulipokuwa tumeshuka kutoka kwenye upenyo, magharibi na isha mbele ya hema. Udhu kwa maji ya barafu aliuvumilia. Ukiwa California kibla kiko kaskazini, kikiegemea mashariki kidogo, si kusini-mashariki kama wengi wanavyodhani wakitazama ramani ya ukutani. Dira ndogo inatosha. Yeye akiswali mimi nilichemsha maji, na siku ya Jumapili mimi nikisoma zaburi zangu alinichemshia yeye.

Baridi ikoje usiku?

Agosti, sehemu za juu, hushuka mpaka karibu na sifuri, mara nyingine chini yake. Ukila kabla ya kulala unalala na joto. Chupa ya maji ya moto ndani ya soksi, miguuni, ni usingizi wa mfalme.

Miguu inahimili?

Viatu vyangu vilikuwa vipana na vikubwa nusu saizi, kwa sababu miguu inavimba. Lengelenge halianzi ghafla. Kwanza unasikia joto sehemu moja. Simama hapohapo, vua kiatu, bandika plasta. Mara ile moja niliposema “nitafunga tukifika”, ndiyo ile iliyotuchelewesha Pinchot.

Mligombana?

Mara moja, baada ya Glen Pass. Mimi natembea haraka nikipanda, yeye anatembea haraka akishuka, na kwa siku kumi na sita kila mmoja alikuwa anahisi mwenzake anamsukuma au anamchelewesha. Tulinuniana mchana kutwa. Jioni hema ni moja na sufuria ni moja, na nguzo za hema ziko kwake. Tulizungumza tukimenya kitunguu saumu cha mwisho. Tangu hapo aliye mzito siku hiyo ndiye aliyetangulia, na wa nyuma alikubali kasi yake. Laiti tungelifanya hivyo tangu siku ya kwanza.

Simu inashika? Mkipata ajali?

Kwa sehemu kubwa hakuna mtandao kabisa. Tulibeba kifaa cha satelaiti kinachotuma ujumbe mfupi na kina kitufe cha kuita uokoaji. Kila jioni nilituma maneno mawili kwa mume wangu: “Tumefika, tumekula.” Naye aliyapeleka Lushoto kwa WhatsApp. Usiende bila kifaa hicho. Sisemi hivyo kwa ajili yako tu. Aliyebaki nyumbani naye anahitaji kulala.

Kibali kinapatikanaje?

Ukianzia Yosemite, kwa bahati nasibu ya mtandaoni, karibu miezi sita kabla. Wanaoomba ni wengi kuliko nafasi. Omba tarehe kadhaa, na uwe tayari kukosa na kujaribu tena. Kuna pia kibali cha bure cha kuwasha jiko la gesi California. Ukikisahau utakuwa na kosa.

Moto wa misitu?

Ni jambo la kulipa uzito. Septemba 2020 moto wa Creek Fire ulifanya watu waokolewe kwa helikopta upande wa magharibi wa njia hii, na kuanzia mwisho wa Agosti 2021 karibu misitu yote ya taifa ya California ilifungwa kwa wiki mbili hivi. Kuwa na mpango wa kutoka kila siku mbili, na ukiambiwa toka, toka.

Kuna watu weusi huko? Hamkujiona wageni?

Tulikutana na wachache, na kila tulipokutana tulisimama tukazungumza kirefu. Ndiyo, kuna kambi nyingine watu walitutazama mara mbili. Lakini nataka kila Mwafrika anayeuliza swali hili ajue jambo hili. Kabla hakujawa na askari wa hifadhi kama wa leo, Yosemite na Sequoia zililindwa na jeshi, na mwaka 1899, 1903 na 1904 waliokuwa zamuni ni askari weusi wa wapanda farasi, wale walioitwa Buffalo Soldiers. Mwaka 1903 kaimu msimamizi wa Sequoia alikuwa Kapteni Charles Young, aliyezaliwa utumwani Kentucky mwaka 1864. Chini yake ilikamilishwa barabara ya kufika kwenye miti mikubwa ya Giant Forest, na mwaka huohuo askari weusi walitengeneza njia ya kwanza ya kufika kileleni mwa Mount Whitney. Young alifariki Lagos, Nigeria, mwaka 1922. Sikufundishwa haya shuleni, wala hayakuwa kwenye kijitabu nilichopewa na kibali. Niliyasoma nikijiandaa, na usiku wa mwisho nilipokuwa nikipanda Whitney kwa kurunzi nilikuwa nao akilini hatua kwa hatua.

Siku ya mwisho ilikuwaje?

Tulilala Guitar Lake, mita kama 3,500, na kuondoka saa nane usiku. Juu kulikuwa na mstari wa taa ndogo zikipanda kona kwa kona. Tulivaa kila nguo tuliyokuwa nayo, na kanga nikajifunga kichwani juu ya kofia. Jua lilitukuta karibu na kibanda cha mawe kilichojengwa kileleni mwaka 1909 na Smithsonian, taasisi ya sayansi ya Marekani. Tulikaa nusu saa tu, upepo ulikuwa mkali. Kisha mteremko wa mita 1,900, pamoja na zile kona 99 ambazo kila mtu huzihesabu na hakuna anayepata idadi sawa. Magoti yalilia. Whitney Portal kuna duka. Tulikula chipsi na nyama, tukaagiza tena.

Mtandao ulipopatikana Lone Pine, mji mdogo ulio chini ya mlima, nilimpigia mama. Hakuuliza kilele. Aliuliza kama nina homa, na kama dagaa zilitosha.

Mlirudije Yosemite?

Kwa basi. Kutoka Lone Pine kuna mabasi ya Eastern Sierra Transit kwenda Mammoth Lakes, na kutoka huko, wakati wa kiangazi, mabasi ya YARTS yanaingia Yosemite. Hayaendi kila siku, kwa hiyo angalia ratiba kabla hujaondoka nyumbani na utenge usiku mmoja wa kusubiri. Ukielekea kaskazini kaa upande wa kushoto. Milima yote iko hapo dirishani. Tuliitafuta Forester Pass kwa muda mrefu. Haionekani kutoka barabarani.